Kadi Moja, Gredi Tatu: Hii Namba ya Kwenye Plastiki Inatoka Wapi?

Wiki iliyopita nilikuwa saluni pale Wandegeya, Kampala, nasubiri zamu yangu, jamaa mmoja akatoa simu akaanza kuzungusha picha ya kadi ya mchezaji wa besiboli wa Marekani, Mickey Mantle, kadi ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952, ati ilipigwa mnada Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Ukigeuza kwa pesa ya kwetu Uganda ni zaidi ya shilingi bilioni 40, kwa kipande cha karatasi ngumu unachoweza kukifunika na kiganja. Banange! Kinyozi aliacha kichwa cha mtu kikiwa nusu. Ndipo mzee mmoja wa Bombo, aliyekuwa kimya muda wote kwenye kiti cha kona, akauliza taratibu: na mimi ninayo ya Maradona nyumbani kwenye sanduku tangu 82, hiyo nayo ni shilingi ngapi?

Kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja akasema mzee umeshatajirika, kitu cha zamani ni pesa tu. Mwingine akasema hapana, mpaka ipelekwe Marekani ipigwe gredi, wakiandika 10 unajenga ghorofa. Wa tatu akasema hao watu wa gredi ni wezi, wanaandika namba wanayotaka. Mimi nakusanya kadi za mpira za zamani mwaka wa tisa huu, na hiyo biashara ya gredi imeshanichoma vidole, lakini nikaona nikianza kueleza pale nitapitwa na zamu, kwa hiyo naeleza hapa.

Kwanza tuelewane maneno. Kadi tunazozungumzia ni vile vikadi vyenye picha ya mchezaji mbele na maelezo yake nyuma, zamani sana vilikuwa vinakuja ndani ya pakiti za sigara, baadaye ndani ya pakiti za bigijii, watoto wanatafuna bigijii na kubadilishana kadi. Wakusanyaji wengi wakisema "za zamani" wanamaanisha zilizochapwa kabla ya mwaka 1980 hivi. Kugredi ni kupeleka kadi yako kwenye kampuni, kule wanaangalia mambo mawili, je ni halisi na haijachezewa, na je hali yake ikoje, halafu wanaifungia ndani ya kiboksi kigumu cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa, juu kuna lebo yenye jina la kadi, namba ya usajili na gredi kuanzia 1 mpaka 10. Hicho kiboksi watu wanakiita slabu. Kampuni maarufu ni PSA iliyoanza 1991, SGC ikafuata 1998, na Beckett ambao walianza kugredi 1999.

Kumi ni kadi kama imetoka kwenye pakiti sasa hivi, na ilitoka vizuri. Nane bado ni safi sana. Tano imeshikwashikwa, pembe zimeanza kulala. Moja ni kadi ambayo maisha yameshaipiga. Na kuna ile inayorudi bila namba kabisa, imeandikwa tu kuwa ni halisi, hiyo mara nyingi ni kadi ambayo wanaamini mtu aliichezea.

Wanachoangalia ni vitu vinne: picha imekaa katikati au imeegemea upande, pembe nne, kingo zake, na uso wake mbele na nyuma. Basi. Ukisikia hivyo unaona rahisi, si ndio? Shida yote imejificha hapo hapo, na kuiona vizuri tuende kwenye kahawa.

Sisi huku kahawa tunaijua. Kahawa ya robusta ikishatoka kwenye kiboko, yaani buni iliyokaushwa na maganda yake, na kukobolewa, inapitishwa kwenye chekeche, ndio unasikia skrini 18, skrini 15, skrini 12. Skrini 18 maana yake tundu la chekeche lina upana wa sehemu 18 kati ya 64 za inchi. Punje ikibaki juu imebaki, ikianguka imeanguka, chekeche halina hasira wala usingizi, halijali wewe ni nani, ukirudia kesho utapata jibu lile lile. Lakini kuna hatua nyingine ya kahawa hiyo hiyo, ile ya waonjaji, wanakoroga, wanavuta na kijiko kwa kelele, wanatema, wanaandika alama kwenye mia, na kahawa ikivuka 80 inaingia kundi la kahawa maalum. Huyo muonjaji amesomea, anajua kazi yake kweli, lakini ni ulimi. Leo anatoa 84 na kesho kahawa hiyo hiyo anaweza kuipa 82, na wala hajadanganya.

Kwenye kadi, kukaa katikati ndilo chekeche. Unachukua rula, unapima mpaka wa kushoto na wa kulia, kama ni nusu kwa nusu vizuri, PSA kwa gredi 10 wanakubali mpaka 55 kwa 45 upande wa mbele. Hapo hakuna maneno. Lakini pembe "imelala kidogo" ni kidogo kiasi gani? Mng'ao "umepungua" kuanzia lini? Huo ni ulimi. Na sisi wateja tunapokea ile namba kama vile yote imepita kwenye chekeche. Ni sawa na kuchukua sekunde 47.82 za John Akii-Bua, mkimbiaji wetu wa mita 400 kuruka viunzi, pale Munich 1972, ambazo saa ilizisoma na hakuna wa kubishana nazo, ukaziweka meza moja na pointi za majaji wa ndondi. Majaji wa ndondi ni watu wa maana, ila tangu lini watu wakatoka ukumbini bila kugombana?

Kitu cha pili ambacho watu hawakijui: gredi sio wastani. Wengi wanadhani pembe 9, kingo 9, uso 9, katikati 4, basi unajumlisha unagawanya unapata karibu 8. Hapana. Kasoro kubwa ndiyo inayoburuta kadi nzima, kama takisi yenye matairi matatu mapya na la nne lina pancha, hamfiki Jinja kwa sababu ya wastani wa matairi. Kadi za zamani ndio zinaumia zaidi hapa. Mkunjo mmoja mwembamba kama unywele, uko nyuma, hauuoni mpaka uinamishe kadi kwenye taa, unaweza kuishusha kadi inayoonekana kama 7 au 8 mpaka 4. Kwenye mtandao unaona kadi mbili za 4, moja imechakaa mpaka huruma, nyingine inang'aa, na bei za kitabuni ni moja. Ndio maana watu wa siku nyingi wanasema nunua kadi, usinunue lebo.

Na wakati mwingine hawakuambii ni mkunjo upi. Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote. Ni kama matokeo ya PLE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, unapata agrigeti yako, yaani jumla ya alama, karatasi yenyewe huioni tena. PSA wana herufi wanazoweza kuongeza pembeni ya namba, mfano kuonyesha haijakaa katikati au ina doa, na Beckett wana utaratibu wa kuandika alama nne ndogo kwenye lebo, lakini kadi nyingi za zamani utaziona na namba moja tu, peke yake, na wewe na taa yako mezani mtafute sababu usiku kucha.

Nieleze yangu. Marehemu mjomba wangu alisoma Uingereza, akarudi na vikadi vichache vya mpira vya A&BC, kampuni ya bigijii ya kule, kimojawapo ni cha George Best cha mwishoni mwa miaka ya 1960. Nilikipenda sana kile kikadi. Nikampa binamu aliyekuwa anasafiri, akakipeleka kwenye kampuni moja ya gredi, sitaitaja. Miezi ikapita, kikarudi na 4. Nikakiangalia kwa taa, kwa jua, kwa miwani ya mama, kasoro ya kukishusha mpaka hapo sikuiona. Jamaa mmoja mzoefu akaniambia vunja plastiki urudishe, wanafanya hivyo wengi. Nikavunja kwa koleo huku mikono inatetemeka. Kikaenda tena kampuni ile ile, kikarudi na 6. Nikafurahi kama dakika kumi, halafu nikaanza kukasirika, kwa sababu kama leo ni 6, ile 4 ilikuwa nini? Na hapa ndipo tamaa ikaniingia, nakiri, nikavunja mara ya tatu nikitafuta 7. Kikarudi bila namba. Kumbe ati kingo zimekatwa.

Zimekatwa na nani? Kilikuwa kwenye bahasha ya mjomba, bahasha kwenye kabati, mwenye mkasi hakuna!

Baada ya hasira kuisha nilisoma nikaelewa kidogo. Kadi za enzi zile zilichapwa kwenye shiti kubwa halafu zikakatwa na mashine zenye visu ambavyo vingine vilishakuwa butu au vimehama, kwa hiyo kadi nyingine ilizaliwa ndogo kiwandani hapo hapo. Sasa anayegredi akikuta kadi ni fupi kuliko kipimo anachokijua, ana mawili, aseme kiwanda kilikosea au aseme mtu alipitisha kisu ili kuondoa kingo zilizochakaa. Akiwa na wasiwasi anakwepa kutoa namba, kwa sababu akitoa 7 kwenye kadi iliyokatwa jina la kampuni linaharibika. Namuelewa. Bado sijamsamehe, kwa sababu mara mbili walikipima wakakipa namba, kikadi ni kile kile.

Na wanaogopa kwa sababu. Kadi maarufu kuliko zote ni ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ya seti inayoitwa T206, ilichapwa kati ya 1909 na 1911 kwa ajili ya pakiti za sigara. Moja ya hizo, mwaka 1991 ilinunuliwa na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky pamoja na Bruce McNall, mwenye timu yake, kwa dola 451,000, na ndiyo kadi ya kwanza kabisa PSA waliyogredi, wakaipa 8. Watu walinong'ona miaka mingi kwamba ile kadi imekatwa, kingo zake ni safi mno kwa umri ule. Mwaka 2013 Bill Mastro, mtu wa minada aliyewahi kuimiliki, alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba yeye mwenyewe alizikata kingo zake. Alifungwa kwa udanganyifu wa minada. Kabla ya hapo, mwaka 2007, kadi hiyo ilikuwa imeshauzwa kwa dola milioni 2.8. Kwa hiyo mtu akikuambia plastiki ni uhakika wa asilimia mia, mkumbushe ile ya kwanza kabisa. Na siku hizi kuna slabu feki kabisa, lebo feki na plastiki feki, namba ya usajili imeibwa kwa kadi ya mtu mwingine, ndio maana kabla ya kununua unaingiza ile namba kwenye tovuti ya kampuni, na kama kuna picha unalinganisha doa kwa doa.

Sasa mtu atauliza, hao wanaogredi hawajali? Wanajali, ila wako wangapi na kadi ni ngapi. Wakati wa korona watu walikaa ndani wakafungua masanduku, kadi zikamiminika mpaka mwishoni mwa Machi 2021 PSA wakatangaza kusimamisha huduma zao nyingi ili kwanza wamalize mzigo uliorundikana. Kuna watu walisubiri zaidi ya mwaka. Fikiria wewe uko pale mezani, taa, lenzi, rundo la kadi halipungui, kila moja unaipa muda mfupi tu, ya asubuhi na ya saa kumi jioni jicho ni lile lile kweli? Mwaka huo huo kampuni mama ya PSA ilinunua Genamint, kampuni ya teknolojia ya kupiga kadi picha na kutambua kama imechezewa au iliwahi kupita hapo zamani. Mashine inasaidia kwenye chekeche. Kwenye ulimi mimi bado sina imani nayo, labda nitabadilika.

Turudi kwa wale wa saluni. Jamaa wa kwanza, kwamba cha zamani ni pesa: hapana. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 zilichapwa nyingi kupita kiasi, zimejaa mabohari ya Marekani mpaka leo, nyingine hazifikii hata gharama ya kuzigredi. Kinachofanya kadi iwe ghali ni mchezaji, uchache, na watu wangapi wanaitaka, hali inakuja kuzidisha hapo. Wagner mwingine wa gredi 2, mbili tu, aliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022.

Jamaa wa pili, kwamba gredi ndio bei: hapana tena, ila namuelewa anapotoka. Kadi ile ya Mantle ya saluni ilikuwa 9.5 ya SGC. Nyingine ya aina hiyo hiyo, 9 ya PSA, iliuzwa Januari 2021 kwa dola milioni 5.2. Ni kampuni tofauti na miezi tofauti, siwezi kusema nusu gredi ndiyo ilileta tofauti yote, lakini unaona ngazi za juu zilivyo na mteremko mkali, kutoka 3 kwenda 4 unapanda kilima cha Makerere, kutoka 9 kwenda juu unapanda Rwenzori. Halafu bei inaweza kuanguka gredi ikiwa imekaa pale pale. Kadi ya Michael Jordan ya kampuni ya Fleer ya 1986, gredi 10, iliuzwa dola 738,000 mwishoni mwa Januari 2021, na kabla mwaka haujaisha nyingine za gredi hiyo hiyo zilikuwa zinaenda chini ya nusu. Kumi ilibaki kumi.

Jamaa wa tatu, kwamba ni wezi. Mimi sisemi wezi, ila kuna utaratibu mmoja unaofanya watu waseme hivyo, na sijui kwa nini hauzungumzwi zaidi. Ada ya kugredi inapanda kwa kufuata thamani ya kadi. Ukiituma kwa bei ya chini, ikapata gredi nzuri ikawa na thamani kubwa kuliko kiwango cha huduma uliyolipia, wanakuongezea ada. Yaani yule yule anayetoa alama analipwa zaidi kadi ikifanya vizuri. Wao watasema kadi ya bei inahitaji bima zaidi na uangalizi zaidi, ni kweli, lakini mwalimu akilipwa zaidi kila mtoto akipata D1, alama ya juu kabisa, wazazi watanong'ona tu.

Kwa sisi wa huku kuna mzigo mwingine juu ya hayo. Ada ya kugredi unalipa kwa dola, na hata kwa kadi moja si pesa kidogo kwa kwetu, hapo hujatuma. Unatafuta mtu anayesafiri au unapitia wakala Uingereza au Marekani na yeye anakata chake, bima, halafu kurudi kuna forodha na maelezo marefu ya kumwambia afisa kwa nini karatasi hii umeiandikia thamani hiyo. Ukijumlisha, kadi ya laki mbili unaweza kuila yote njiani. Mimi sasa situmi kitu mpaka nipige hesabu hivi: je, ikirudi na gredi mbili chini ya ninayoiota, bado nitakuwa sijapata hasara? Jibu likiwa hapana, inabaki kwenye mfuko wa plastiki laini ndani ya kabati, sio karibu na dirisha, jua linakula rangi, na sio chini sakafuni msimu wa mvua.

Na tafadhali jamani, msisafishe. Naona watu wanapitisha kitambaa chenye maji, wengine raba ya penseli, wengine wanaweka kadi chini ya kitabu kizito na kuipiga pasi mkunjo upotee. Anayegredi anatafuta hivyo vitu kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na akiviona unaondoka bila namba, bora doa lako la chai ungeliacha.

Jumamosi nikarudi saluni, safari hii si kunyoa, nilitaka kuona ya mzee. Alikuja nayo kweli, imefungwa kwenye gazeti. Haikuwa kadi, ni albamu ya Panini ya Kombe la Dunia la Hispania 1982, aliletewa na kaka yake aliyekuwa anafanya kazi bandarini Mombasa. Ndani stika zimebandikwa moja moja, zimejaa karibu timu zote, pembeni mtu ameandika matokeo ya mechi kwa kalamu ya bluu, na Maradona yuko pale kwenye ukurasa wa Argentina, mchanga, nywele kibao. Nikamueleza kwamba stika ikishabandikwa haina tena mgongo wake, kwa hiyo gredi ya maana haitapata, labda albamu nzima kuna wanaoitaka, ila sio za ghorofa.

"Kwani tulikuwa tunazinunua za nini, si za kubandika?" akaniuliza.

Kijana wa simu akapendekeza tumbandue Maradona taratibu na mvuke wa chai. Mzee akaifunga albamu kabla sijajibu, akamuomba kinyozi kavera, akaitumbukiza ndani, akafunga fundo mbili, akauliza nani ni wa mwisho kwenye foleni.